Jambo la Ishirini na Tatu

Mifuko kumi na saba ya salpha
imeibwa usiku ghalani, Kitangari,
na mimi, karani wa kata, ndiye niliyeandika barua
kwa kalamu ya kuazima.

Mwizi ni wa Muungano,
maana polisi wamo kwenye orodha.
Salpha si ya Muungano,
maana kilimo hakimo.
Basi faili likazaa faili:
moja lateremka kituoni,
jingine lapanda kwa bwana shamba,
yote mawili ndani ya mkoba wangu uleule
wenye zipu mbovu.

Bi Asumini Nalinga, mwenye mikorosho arobaini na moja,
alikuja na mjukuu wake Dadi, wa kidato cha pili,
mtoto wa maswali.
"Zanzibar wana rais wao," akasema,
"wana baraza lao na mawaziri wao.
Sisi wa Bara, wa kwetu yuko wapi?"

Nikamwambia: huyohuyo wa Muungano.
Serikali ni mbili, na hii kubwa imebeba mizigo miwili,
wa wote, na wa Bara peke yake.
Tazama kanga ya bibi yako:
mchana huivaa, usiku hujifunika.
Kanga ni moja, kazi ndizo mbili.

Bibi akadakia: "Na ikifuliwa?"

Sikuwa na jibu.
Katiba sikuisoma mpaka kwenye kufua.

Nikawasomea orodha, mambo ishirini na mawili.
Noti uliyoifunga pindoni, Bi Asumini, ni ya Muungano.
Mtihani atakaoufanya Dadi ni wa Muungano.
Barua hii, nikiipeleka posta, itasafiri kimuungano
kudai kitu kisicho cha Muungano.
Yupo waziri ambaye neno lake hufika Pemba,
yupo ambaye neno lake hukomea mchangani Msimbati;
lakini baraza ni moja, meza moja, chai moja,
na pichani huwezi kuwatambua kwa suti.
Mvua ikitabiriwa ni ya Muungano.
Ikinyesha ni yetu.
Isiponyesha ni ya mwenye ndoo,
anayeteremka bondeni alfajiri
na kupanda tena mlima huu wa Newala
akiwa na lita ishirini kichwani
ambazo hazimo kwenye orodha yoyote.

Nje, mikorosho ilikuwa imeshatoa maua.
Ubwiriunga ulishaanza,
mweupe kama unga wa muhogo uliomwagika,
ukitoka shamba la huyu kwenda la yule
bila kibali, bila mkuu wa wilaya,
bila kuuliza nani amemteua nani.

"Mwanangu," akasema Bi Asumini,
"yameisha?"
Yameisha, bibi. Ishirini na mawili.
"Basi niandike mimi. La ishirini na tatu."
Alisema hivyo bila kucheka,
akanyoosha kidole gumba kwa ajili ya wino.

Wino wa kata ulikuwa umekauka tangu Jumatano.
Nikautemea mate kidawa,
nikauchovya muhuri, nikaugandamiza kwa viganja viwili
mpaka meza ikalia.
Alama ikatoka nusu:
"Ofisi ya Mtend", basi.

Dadi alikuwa ameinamia kichwa cha barua,
pale ilipo nembo,
bwana na bibi wameshika pembe za ndovu.
"Miguuni pao kuna nini?"
Karafuu, nikamwambia. Na pamba.
Akaitazama sana,
akaigeuza karatasi, akachungulia na nyuma,
kama mtu aliyedondosha kitu.

"Mkorosho je?"

Bibi akamvuta mkono. Walikuwa na safari,
na jirani alishaahidi kuwapimia salpha
kopo mbili,
za kulipa msimu ujao.